Kufuli ya Ghorofa ya Saba

Kwanza ieleweke kwamba Kamishna hakuwa kamishna wa kitu chochote. Cheo hicho alipewa bwenini, kidato cha tano, baada ya kubandika kwenye ubao wa matangazo barua yenye muhuri wa kiazi, ikiwaarifu wanafunzi wote kwamba Jumamosi saa moja asubuhi Kamishna wa Soksi kutoka makao makuu angefika kufanya ukaguzi. Wasichana mia tatu na kumi na wawili walijipanga uwanjani, soksi zimevutwa hadi magotini. Mkuu wa shule alipotokea hakuwa na habari yoyote, lakini kwa kuwa hakuwa mtu wa kukubali kwamba kuna jambo shuleni asilolijua, alifunga mikono nyuma, akapita mstari kwa mstari akikagua. Aliwarudisha bwenini kumi na saba. Wiki nzima ilipita kabla mtu hajauliza: makao makuu ya nini?

Huyo ni Kamishna wa zamani. Huyu wa sasa, mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda nyumbani kwao siku ya Jumatatu, simu mkononi, akisoma ujumbe mmoja kwa mara ya nane. Chuo kilimsikitikia kwamba hakuchaguliwa kusoma Uhandisi wa Mitambo. Chuo hichohicho kilimpongeza kwa kupata nafasi ya Shahada ya Sayansi, katika Fizikia, Hisabati au Kemia. Achague moja na kuithibitisha kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni. Asipofanya hivyo, zote tatu watapewa wengine.

Masikitiko na pongezi katika ujumbe mmoja. Zamani angeukariri, angeuigiza bweni zima likalala chini kwa kicheko. Sasa aliusoma kama mtu anayesoma maelezo ya nyuma ya pakiti ya chumvi.

Baba yake, fundi wa lifti, hakuwahi kumwita Kamishna. Yeye alimwita Mhandisi, tangu siku ile mtoto wa miaka sita alipoifungua pasi ya nyumbani, akaifunga tena, kisha akamkabidhi baba skrubu moja iliyobaki. Pasi ilifanya kazi. Baba aliitia skrubu mfukoni, na kuanzia hapo mpango wa familia ukawa umeshapita bila kupingwa: mtoto atasoma uhandisi, halafu atarudi kuwaambia mafundi kwa nini vitu vinaharibika, maana mafundi wanajua tu kwamba vimeharibika.

Mpango ulikatika Jumanne moja, miezi minne nyuma. Baba alijisikia vibaya akiwa kazini, juu kabisa ya jengo la ghorofa saba. Akashuka ngazi kwa miguu yake, akaenda hospitali mwenyewe, na Alhamisi hakuwepo tena. Siku kumi na moja baada ya mazishi Kamishna alifanya mtihani wa Hisabati. Anachokumbuka ni viatu vya mwalimu aliyekuwa akizunguka darasani: kimoja kililia, kingine kilinyamaza. Alipata C, na C haimwingizi mtu Uhandisi.

Tangu hapo alikuwa kama shavu lililochomwa sindano ya ganzi. Shavu lipo, mtu analigusa kwa kidole na kulikuta, lakini halimpi taarifa yoyote. Alikula, alioga, alijibu salamu. Watu walimsifu kwamba amejikaza. Hakuwa amekaza kitu.

Hata mzaha wake wa mwisho uliishia hewani. Likizo ya kabla ya msiba alikuwa amemtega baba. Sanduku lake la bweni lilifungwa kwa kufuli ya shaba, na baba alikuwa na kufuli ya shaba ya kazini, ya ukubwa uleule; zote mbili zilinunuliwa duka moja siku moja. Asubuhi ya kurudi shule alizibadilisha. Akatia ya kwake pamoja na ufunguo wake ndani ya mkoba wa vifaa wa baba, akaondoka na ya baba na funguo zake. Ufunguo wa akiba wa kufuli yake aliubakiza kwenye kishikio chake, kwa ushahidi. Akasubiri simu ya mzee akifoka kwa uongo. Baba alipiga kila Jumapili, akauliza habari za masomo na za kifua chake, akaaga. Kuhusu kufuli hakusema hata neno. Kamishna aliandika moyoni kwamba mzaha umefeli, kisha msiba ukaja, naye akausahau kabisa. Kufuli ya baba ilikuwa bado kwenye sanduku, chini ya kitanda alichokalia.

Jumanne washauri walianza kufika. Wa kwanza alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba, mtu anayeingia nyumbani akiwa tayari katikati ya sentensi.

"...na mimi nasema Kemia. Mtoto wa jirani yangu kasoma Kemia, leo anatengeneza sabuni. Nyumba nzima inanukia."

"Shangazi, mimi nilitaka uhandisi."

"Basi utengeneze mashine ya sabuni, nani kakukataza?"

Jioni akapiga simu Kasuku, rafiki yake wa bwenini, aliyeitwa hivyo kwa sababu alikuwa anaongea hata akiwa amelala. Yeye alikuwa ameshathibitisha uuguzi.

"Afande, chagua Hisabati. Ukisema unasoma Hisabati hakuna mtu atakayekuuliza swali la pili. Utaishi kwa amani mpaka uzeeni."

Kamishna alijua hapo ndipo pa kucheka. Alisubiri kicheko kije. Hakikuja.

"Upo?" Kasuku aliuliza.

"Nipo."

"Afande, unanitisha. Nitukane hata kidogo."

"Kesho," alisema Kamishna.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na wiki hiyo alikuwa na sketi arobaini za kupindwa. Kamishna alimfuata, akasimama kando ya mashine.

"Mama, nichagulie."

Mama alitoa pini mdomoni. "Nikikuchagulia utasoma miaka mitatu ukiwa umenikasirikia."

"Siwezi kukasirika, Mama. Nimejaribu."

Mguu wa mama ulisimama juu ya kanyagio. Alimtazama mwanawe kama anayetafuta ulipokatikia uzi kwenye kitambaa, halafu akasema, "Nenda chuoni ukaulize wanaojua. Ukirudi utakuta nimebakiza chai." Mashine ikaanza tena.

Kwa hiyo Jumatano alikwenda chuoni. Mhadhiri wa kitivo cha sayansi aliyepangiwa kuwashauri waombaji alikuwa mwanamke mfupi, mwenye ofisi iliyojaa karatasi mpaka mgeni alikalia mtihani wa mtu. Alikuwa na tabia ya kufungua na kufunga kifuniko cha kalamu, tak, tak, kama anayepiga risasi za taratibu.

"Kwa hiyo unataka kuingia uhandisi kwa mlango wa nyuma," alisema mhadhiri.

"Ndiyo, mwalimu."

"Usione aibu, nusu ya wenzangu wamepita huko. Sikiliza. Shahada ya pili ya uhandisi haiangalii jina la shahada yako tu. Wanafungua orodha ya masomo uliyosoma wanahesabu. Hesabu za kutosha zipo? Mekanika ipo? Maabara je? Umewahi kuandika mradi wako mwenyewe ukautetea? Kinachokosekana watakubebesha juu. Yanaitwa masomo ya kufidia. Utakaa darasani na watoto wa mwaka wa pili, wewe una shahada yako, na watakuazima kalamu."

"Na kati ya haya matatu?"

"Fizikia inakupeleka kwenye mitambo, umeme, au kwa wale wanaochunguza vyuma vinachokaje. Hisabati inakupeleka kwenye mifumo ya kuongozea mitambo, na kompyuta. Kemia ni viwanda, mafuta, dawa, maji. Na nikwambie na baya lake, usije ukanilaumu: kuna nchi ambazo bodi ya wahandisi inataka shahada ya kwanza iwe ya uhandisi, vinginevyo hupati muhuri wao. Utafanya kazi, utavumbua, lakini kusaini michoro watasaini wengine. Uliza mapema huko unakotaka kufanya kazi."

Kamishna aliandika yote kwa mwandiko mzuri. Mhadhiri alimwangalia akiandika.

"Sasa niambie. Ni swali gani linalokukera? Yaani kitu ukikiona unataka kujua kwa nini kiko hivyo, usipojua hulali."

Kamishna alitafuta kwa uaminifu. Alipekua kichwani kama anavyopekua mtu begi la mwenzake, kwa heshima na haraka.

"Sina, mwalimu."

Tak. "Hilo nalo ni jibu," alisema mhadhiri bila ukali. "Tatizo, ile fomu haina kisanduku chake. Ijumaa saa kumi na moja, sawa?"

Alhamisi ilipita. Hakuna la kusema kuhusu Alhamisi.

Ijumaa saa saba mchana Baba Mdogo aliingia amevaa ovaroli ya kazi, kofia mkononi. Alikuwa mdogo wake baba, na kwa miaka ishirini walipanda na kushuka pamoja kwenye mashimo ya lifti za mji mzima. Alikataa kiti, jambo lililoonyesha kwamba habari haikuwa nzuri.

"Shemeji," alimwambia mama, "leo wanaikata."

"Wanakata nini?"

"Kufuli ya kaka."

Ikabidi aeleze, maana miezi yote minne hakutaka kulileta jambo hilo nyumbani. Kila fundi wa lifti ana kufuli yake. Kabla hajaingiza mkono kwenye mtambo, anazima swichi kuu, anapitisha kufuli kwenye tundu la swichi, anaifunga, anatundika kadi, ufunguo anatia mfukoni. Hapo hakuna awezaye kuwasha mtambo akiwa ndani. Na kufuli hiyo haifunguliwi na mwingine, awe bosi, awe nani. Aliyefunga ndiye anayefungua. Kwa ajili ya sheria hiyo Baba Mdogo alikuwa bado na vidole kumi.

Sasa kaka yake alikuwa amefunga lifti ya lile jengo Jumanne ile, akaugua, akashuka. Mfuko wa nguo zake uliporudi kutoka hospitali haukuwa na funguo. Miezi minne ghorofa saba zilipandwa kwa miguu, kwa sababu Baba Mdogo alikuwa amekataa katakata kumwachia mtu yeyote akate kufuli ya marehemu. Meneja wa jengo alimwomba, akamtisha, akamwandikia barua tatu. Ya nne ilisema Ijumaa saa tisa atakata mwenyewe.

"Siwezi kumzuia tena," alisema Baba Mdogo. "Ila si vizuri ikatwe pasipo mtu wa nyumbani. Kama kufuli ya banda la kuku."

Mama alikunja sketi aliyoishika, akaikunja tena, ikawa ndogo kama leso. "Mimi sauti ya hiyo mashine ya kukatia sitaki kuisikia. Nenda wewe, mwanangu."

Kamishna akavaa viatu. Hakujisikia kwenda, hakujisikia kubaki. Katika hali hiyo mtu hufanya alichoambiwa mwisho.

Ghorofa ya tano ya jengo lile palikuwa na kliniki ya meno, na ngazi zilikuwa na wagonjwa wake. Ghorofa ya tatu walimkuta mzee mmoja amekaa kwenye kipandio, shavu limevimba, kitambaa mdomoni.

"Hii lifti ina nini?" aliuliza kupitia kitambaa.

"Imefungwa, mzee wangu," alisema Baba Mdogo.

"Kaifunga nani?"

"Kaka yangu."

"Mwambie nikipona namtafuta."

"Nitamwambia," alisema Baba Mdogo, wakaendelea kupanda. Kamishna alitambua kwamba amefika ghorofa ya saba bila kuhisi miguu. Ilipanda tu, kama ya mtu mwingine aliyekuwa mbele yake.

Chumba cha mitambo kilikuwa juu ya paa, mlango wa chuma, dirisha moja. Ndani palinuka grisi na vumbi la joto, harufu aliyokuwa akirudi nayo baba kila jioni. Katikati ilikaa mota, na ubavuni mwake puli kubwa ya chuma, gurudumu pana kama meza ya watu wanne, lenye mifuo mitano iliyochongwa kama mifereji kulizunguka. Kila mfuo ulibeba kamba yake ya waya, nazo zote tano zikashuka gizani kuishikilia lifti. Ukutani palikuwa na swichi kuu. Mbele ya swichi alisimama meneja wa jengo, shati jeupe, miwani ya kukatia vyuma iliyokuwa kubwa kuliko uso wake, mashine ya kukatia mkononi ameishika kama mtoto wa jirani aliyelowa.

"Poleni sana," alisema meneja, na alimaanisha. "Lakini mnaona wenyewe. Daktari wa meno anasema wagonjwa wanafika kwake wameshasahau jino gani."

"Ngoja huyu aione kwanza," alisema Baba Mdogo. "Ni bintiye."

Kamishna alisogea. Kufuli ilikuwa ya shaba. Chini yake, karibu na tundu la ufunguo, palikuwa na nukta ya rangi ya kucha, ya zambarau.

Nukta hiyo aliitia yeye mwenyewe, mwaka wa kwanza bwenini, ili kufuli yake isichanganywe na za wengine.

Kando yake ilining'inia kadi ngumu yenye maandishi mekundu: HATARI. USIWASHE. FUNDI YUKO KAZINI. Maneno "fundi" na "kazini" yalikuwa yamekatwa kwa kalamu ya wino, na juu yake, kwa mwandiko wa baba uliolala kushoto, yakaandikwa mengine, hivi kwamba kadi ilisomeka: USIWASHE. MHANDISI YUKO SHULENI. Chini yake: "Akirudi atafungua." Na pembeni palichorwa kichwa kidogo kimetoa ulimi.

Aliisoma kama alivyousoma ujumbe wa chuo, tangu juu hadi chini, kisha tena. Kwa hiyo mzee alikuwa amegundua. Jumapili zote zile, na maswali yote ya kifua, alikuwa anajua, na amekaa kimya, anaandaa majibu.

"Baba Mdogo, hii kadi uliisoma?"

"Kila wiki. Nilidhani ni homa ilikuwa imeshampanda kichwani."

"Haikuwa homa." Aliingiza mkono mfukoni, akatoa kishikio cha funguo. "Hii kufuli ni yangu."

Alieleza mzaha wote kwa maneno machache, bila mbwembwe, kama shahidi polisi. Meneja alivua miwani. Baba Mdogo alimwangalia, akaangalia kufuli, akaangalia dari, kisha mabega yakaanza kumtikisika, na haikujulikana kama ni kicheko au kile kingine mpaka alipojifuta macho kwa kofia.

"Miezi minne," alisema. "Miezi minne napigana na watu kwa ajili ya kufuli ya sanduku la soksi."

"Basi tumemaliza," alisema meneja, akaweka mashine chini kwa furaha kubwa. "Mwenye kufuli kaja. Fungua, dada."

Kamishna alinyoosha ufunguo. Uliingia tundu lake vizuri. Baba Mdogo akamshika mkono.

"Subiri, mwanangu. Anayefungua lazima ajue kwa nini ilifungwa. Ndiyo sheria."

"Si alifunga akaugua akaondoka?" aliuliza meneja.

"Ndivyo nilivyoamini." Baba Mdogo alijikuna shingo. "Lakini mtu mwenye homa akaketi kuchora kichwa na ulimi? Kaka hakuwa anaumwa alipoifunga. Aliifunga kwanza."

Daftari la lifti lilikuwa kwenye rafu nyuma ya mlango, limefungwa kwa mpira. Kila mwezi baba alikuwa amepima unene wa kila kamba na kuandika. Kamishna alifungua kurasa za mwisho. Kamba ya kwanza, ya pili, ya nne na ya tano zilikuwa na namba zilizokaa palepale kama wazee barazani. Ya tatu ilikuwa inashuka. Ilibadilishwa, ikawa nene tena, ikaanza kushuka. Ikabadilishwa mara ya pili. Ikashuka tena. Mstari wa mwisho wa baba, tarehe ya Jumanne ile, ulisema: "Ya 3 tena. Kwa nini yeye peke yake?"

"Mara zote mbili niliibadilisha mimi," alisema Baba Mdogo. "Kamba ikichoka unaibadilisha. Nilidhani tumeuziwa mbovu."

"Mbili mfululizo? Na zote ziangukie namba tatu?"

"Nilisema tuna bahati mbaya."

Kamishna aliuliza kama anaweza kugusa, na Baba Mdogo akamwonyesha kufuli kwa kidevu: imefungwa, aguse anavyotaka. Alichukua rula ya chuma ya baba kwenye rafu, akailaza juu ya kamba zote tano pale zinapopita juu ya puli. Rula ilikaa kwenye nne. Juu ya ya tatu ilipita hewani. Aliinama, jicho likawa usawa wa chuma, mwanga wa dirisha ukaonekana katikati kama uzi mweupe. Akaomba kipimo cha kubana, akapewa. Alipima unene wa kamba. Alipima ule uwazi. Akaondoa upungufu wa kamba yenyewe, kwenye kiganja cha mkono, kwa kalamu.

"Kamba imepungua, lakini haitoshi kueleza huu uwazi," alisema. "Inabaki milimita moja hivi. Mfuo wenyewe umelika. Kamba ya tatu imekaa ndani zaidi ya wenzake."

"Milimita moja tu?" alisema meneja. "Kwa milimita moja mzee wa watu anapanda ngazi na jino?"

"Puli ikizunguka mara moja, kamba iliyokaa ndani inapewa njia fupi kuliko wenzake. Kila milimita moja ya kina ni milimita sita na kidogo za njia. Lakini lifti ni moja, zote tano lazima ziivute mwendo mmoja. Kwa hiyo zile nne zinakwenda, hii ya tatu inaburutwa kufidia. Milimita sita, kila mzunguko. Inajisugua kwenye mfuo, mfuo unalika zaidi, nayo inaburutwa zaidi."

"Kila mzunguko," alirudia Baba Mdogo polepole.

"Kila mzunguko. Ukibadilisha kamba mara kumi, utakuwa unamlisha huyo." Alionyesha mfuo.

Baba Mdogo alivaa kofia, akaivua. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa kwamba mgeni aliyemkaribisha nyumbani mara mbili ndiye aliyekuwa akiiba kuku.

"Kwa hiyo ni puli," alisema. "Lazima ishushwe, ichongwe upya au iletwe nyingine."

"Wiki ngapi?" aliuliza meneja kwa sauti ndogo.

"Tatu. Nne."

Meneja alimgeukia Kamishna. Ufunguo bado ulikuwa ndani ya kufuli. "Lakini kamba nne ni nzima, si ndiyo? Tukiiwasha kwa sasa, polepole, huku tunasubiri? Dada, wewe ndiye mwenye kufuli. Geuza tu."

Kamishna aliitazama nukta ya zambarau. Alijaribu kusikia huzuni, au hasira, hata fahari kidogo, akakuta shavu bado lina ganzi. Lakini chini huko, mahali fulani, palikuwa na jambo linalowasha kama mbegu ya pilipili katikati ya meno: kwa nini mfuo wa tatu? Mitano ilichongwa siku moja, kwa chuma kimoja, ikabeba mzigo mmoja. Nani alianza kuwa ndani kwanza, na kwa nini yeye? Hakulijua hilo. Alilitafuta kwenye yote aliyofundishwa, hakulikuta, na hakupenda kutolikuta.

Alichomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Sifungui."

"Kwa mamlaka gani?" meneja alipandisha sauti. "Wewe ni nani hasa? Hapa imeandikwa mhandisi. Wewe ni mhandisi?"

"Bado."

"Bado! Sasa atafungua lini?"

"Puli mpya ikishafungwa," alisema Kamishna. "Nitakuja mwenyewe. Ukiikata kabla, jambo lolote likitokea kwenye hii lifti litakuwa na jina lako, na mimi ni shahidi, na Baba Mdogo ni shahidi, na daftari hili hapa."

Ilikuwa sauti ya Kamishna wa Soksi hasa, ile ya makao makuu, na yeye mwenyewe alishtuka kuisikia. Meneja alitazama mashine yake pale sakafuni. Kisha akatoa kalamu akamwomba Baba Mdogo amwandikie puli hiyo inaitwaje, kwa herufi kubwa.

Saa kumi na dakika arobaini walianza kushuka. Juu mtandao ulikuwa haushiki. Ghorofa ya sita ulishika kidogo ukaachia. Ghorofa ya tano, mlangoni pa kliniki, simu ililia mkononi mwake: chuo kilimkumbusha kwamba zimebaki dakika kumi na tano. Kamishna alisimama, akaegemea ukuta.

"Nini?" aliuliza Baba Mdogo.

"Nachagua shahada."

"Hapa?"

"Chini mtandao unaweza kukataa."

Alifungua ukurasa. Visanduku vitatu. Alibonyeza Fizikia. Simu ikauliza kama ana uhakika, na kwamba uamuzi huu hautabadilishwa. Aliwaza watoto wa mwaka wa pili wakimwazima kalamu. Aliwaza bodi na muhuri wake. Akabonyeza ndiyo. Kiduara kilizunguka sana, na katika mzunguko huo mzee wa jino alitoka kliniki, shavu limelegea, mdomo umekwenda upande.

"Yule kaka yako," alimwambia Baba Mdogo kwa shida, maneno yakimdondoka, "umemwambia?"

"Nimemwambia, mzee."

"Kasemaje?"

Baba Mdogo alimtazama Kamishna. Simu ikatoa mlio. Imethibitishwa.

"Kasema wiki nne," alisema Kamishna.

Mzee alitikisa kichwa kwa uchungu wa kweli, akashika chuma cha ngazi, akaanza kushuka kidogo kidogo, nao wakamfuata nyuma kwa adabu, kwa mwendo wake. Walipokaribia ghorofa ya pili Kamishna alisimama ghafla. Mapaja yake yalikuwa yanatetemeka. Yaliuma, yote mawili, maumivu ya kawaida kabisa ya mtu aliyepanda ghorofa saba bila mazoezi.

"Vipi tena?" aliuliza Baba Mdogo.

"Miguu inauma."

"Kaa kidogo."

Alikaa kwenye kipandio, akaikandakanda kwa mikono miwili. Iliendelea kuuma. Hakuwa na haraka ya kuinuka.